Jogoo Aliyemngoja Mdogo Wangu

Mimi kuku siwapendi, niseme mapema. Wananuka, wanapiga kelele, wanakunya mahali umetoka kufagia sasa hivi, na ukiwafukuza wanakuangalia kwa jicho moja kana kwamba wewe ndiye mwenye makosa. Lakini nimeishi nao maisha yangu yote, maana mama yangu aliwapenda kwa niaba yetu sote. Ndoa yangu ya kule mjini Kasongo ilipovunjika nikarudi kwake, upande wa Lusangi, na godoro kichwani. Hakuniuliza neno. Alinipa maji ya kuoga, akaninyooshea mkono kule nyumba ya kuku, akasema, "Kazi yako ile. Mengine tutaongea." Mengine hatukuyaongea kamwe.

Nyumba ya kuku ilikuwa nzuri kuliko jiko letu. Marehemu baba ndiye aliyeijenga, juu ya miguu ya mti mgumu, kuta za mianzi zimekandikwa udongo, paa la majani, na gogo lililochongwa vidaraja vya kupandia. Mama akaongeza maarifa yake. Miguu ile aliipaka oli chafu ya pikipiki, aliyoiomba kwa mafundi wa barabarani, ili siafu wakipanda wateleze. Mlangoni aliweka ubao, juu ya ubao jiwe, juu ya jiwe ishara ya msalaba. Nikamwambia Mungu ana kazi nyingi, hawezi kulinda na kuku. Akanijibu kwamba mimi ndiye ningemlindia, lakini nalala sana.

Nyumbani kwetu kila mtoto aliyetoka alikuwa na jogoo wake. Sijui kama ni desturi ya watu wetu au ilikuwa ya mama tu. Nimewauliza wazee wa Kabambare, wengine wanacheka, wengine wanasema bibi zao walifanya hivyo hivyo. Mtoto akienda mbali, mama anachagua jogoo mzuri, anachana kipande cha nguo ya zamani ya yule mtoto, anamfunga nacho jogoo mguuni. Jogoo huyo hauzwi. Hachinjwi kwa Noeli, hapewi padiri, hata mgonjwa akitamani mchuzi atatafutiwa mwingine. Yeye kazi yake ni kungoja. Siku mwenyewe anarudi, jogoo anachinjwa, analiwa na mwenyewe pamoja na wale aliokuja nao. Akizeeka kabla ya siku hiyo, kitambaa kinahamia kwenye mguu wa mwanawe. Mimi nilivyorudi na godoro langu, wangu alichinjwa jioni ile ile. Nilikula nikilia, na nyama yenyewe ilikuwa ngumu, maana nilikawia sana kule ndoani.

Aliyebaki nje alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Alimaliza shule ya sekondari, akapata diploma yake, akaizungusha Kasongo nzima bila kupata mtu wa kumwambia hata "kaa chini". Siku moja akafunga begi. "Yaya," aliniambia, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "naenda Salamabila, kwenye dhahabu. Mwaka moja tu. Nanunua pikipiki yangu, narudi kuendesha hapa hapa barabarani, utapanda bure." Nikamwambia wote wanasema mwaka moja. Akacheka, akaniambia mdomo wangu ndio uliofukuza shemeji. Tulikuwa tunaongea hivyo, mimi na yeye. Mtu wa tatu angedhani tunagombana.

Mama alichana shati lake la shule, akafunga jogoo mweupe.

Mdogo wangu alirudi mara moja tu, kiangazi kilichofuata, na alirudi kwa mtindo wa watu wa dhahabu. Watu wa Salamabila wana maringo yao: hawaingii kwa mama zao na udongo wa shimo mwilini. Begi linatangulia na wenzao kwenye pikipiki, mwenyewe anabaki mtoni, anaoga, anavaa nguo mpya, anapaka mafuta, ndipo anapanda kilima taratibu ili kila mlango umwone. Basi tuliona begi linashushwa uani, motari aliyelileta anasema, "Mwenyewe iko mtoni," na mama akapiga vigelegele mpaka jirani akaungua na sufuria.

Halafu akakumbuka. Jogoo hakuwepo. Wiki ile ile kicheche alikuwa amepata tundu kwenye udongo wa ukuta, akaingia, akauma shingo moja baada ya nyingine, akanywa damu, nyama akaiacha. Ninachowachukia vicheche ni hicho. Mnyama akiiba kwa njaa unaweza kumwelewa, lakini yule anaua nyumba nzima na kuondoka na mate yake tu. Jogoo mweupe tulimkuta amelala juu ya mitetea, kitambaa mguuni. Mama alikuwa bado hajapata mwingine wa kumfunga.

Mdogo wangu akala sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa, na samaki mkavu, akalamba vidole, akasema, "Mama, sombe hii niliiota kule." Alikuwa anasema kweli, ninamjua. Lakini mama hakuinua macho. Mtoto wake alikaa siku chache, akarudi Salamabila, mama akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi uani alisema neno ambalo sikulipenda.

"Yule bado hajarudi. Alipita tu. Mutoto hawezi kurudi kwao akakula majani."

Nikamwambia, "Mama, si ulimwona? Si alilala hapa?"

"Alipita," akasema. Kuanzia siku hiyo ikawa kwamba jogoo wa pili lazima awe mzima siku mdogo wangu atakaporudi. Mama aliamini, na aliliamini jambo hilo kwa mwili mzima, kwamba safari ya kwanza ilishindikana kwa sababu ya uzembe wetu wa nyumbani. Mtoto alirudi shimoni kwa kuwa mlangoni hakikuchinjwa kitu cha kumshika. Ukimcheka, alikuwa anakuacha ucheke, halafu anaendelea na kazi yake.

Jogoo wa pili alitoka kwenye vifaranga vya mtetea mmoja mwekundu, na kwa vifaranga adui ni mwewe. Mwewe wetu alikaa juu ya mchikichi wa jirani, saa za asubuhi jua likishapanda, anageuza kichwa huku na huku, anachagua. Mama alijaribu kila kitu. Alipanda mihogo karibu karibu nyuma ya jiko, vifaranga wapate pa kujificha, maana mwewe hapendi kuingiza mabawa yake kwenye mihogo. Akatundika mikanda ya kaseti za zamani, inang'aa na kulia kwenye upepo. Mwisho akaenda kwa munganga wa dispansari kuomba ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, akawapaka vifaranga wote migongo.

Eh, tulichekwa! Watoto wa shule walipita wakishikana. Jirani yetu, mama mmoja mwenye maneno, alisimama kwenye mpaka wa kiwanja akauliza kwa sauti, "Dada, umewatawaza maaskofu wote hawa siku moja?" Mama akamjibu kwamba mmoja wao atakuja kumbariki yeye kwanza, anahitaji. Lakini mwewe alichanganyikiwa kweli. Alikaa kwenye mchikichi, akatazama vile vitu vya zambarau vinavyokimbia, akaruka kwenda kwa yule yule jirani akachukua kifaranga cha rangi ya Mungu. Jirani aliacha kutania, akaja kuomba dawa.

Wengi wa maaskofu walikufa kwa mambo mengine, mvua, panya, mguu wa mtu. Aliyebaki alikua jogoo mwekundu mwenye mkia mweusi, mkali, mwenye sauti mbaya. Mama akamfunga kipande kingine cha lile shati. Hapo ndipo maisha yangu yaliharibika kabisa, kwa sababu mama aliamua kwamba nyumba ya kuku haitoshi, jogoo huyu atalala ndani. Ndani ni wapi? Chumbani kwangu, miguuni pa godoro langu, kwenye kikapu.

"Mama," nikamwambia, "mimi nimeachwa na mwanaume, sasa unanipa jogoo wa kulala naye?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Ni miongoni mwa mara za mwisho nilizomwona anacheka vile. Lakini kikapu hakikutoka.

Basi tukamlea kama mtoto. Utitiri ukaingia kwenye viota, wale wadudu wadogo wanaomnyonya kuku mpaka upanga wake wa kichwani unapauka. Mama akatoa majani yote, akayachoma, akapaka ndani majivu, akatandika majani makavu ya tumbaku. Viroboto wakamshika jogoo kandokando ya macho; mama akampakata jioni baada ya jioni, anampaka mawese, anawabandua mmoja mmoja kwa kucha. Alipopita ugonjwa ule unaowapinda kuku shingo, ukafagia viwanja vya watu wote, mama alimbeba kwenye kikapu mpaka kwa mama mdogo, ng'ambo ya kijito, ambako hakukuwa na kuku. Alimwacha huko mpaka hatari ikapita, na kila siku alikwenda kumwona. Mimi, binti yake, nilipokuwa Kasongo na homa yangu, alikuja mara moja. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Wewe ulikuwa na bwana." Lilikuwa jibu.

Siku ya siafu sitaisahau. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, na alfajiri nilisikia kuku wanalia kwa sauti isiyo yao. Oli chafu ilikuwa imeoshwa na maji. Siafu walikuwa wamefunika miguu ya nyumba, ngazi, mlango, weusi tupu, ukuta wenyewe unatembea. Nilikimbilia jikoni kuchota majivu na makaa. Niliporudi mama alikuwa ameshapanda, bila viatu, amefungua ubao, anawatupa kuku nje mmoja mmoja, na wadudu wamemfika mapajani. Jogoo tulikuwa tumemhamishia huko usiku ule, kwa sababu chumbani kwangu paa lilivuja. Mama alishuka naye kwapani. Mtetea mmoja aliyelalia mayai hakukubali kuondoka. Tulimkuta baadaye, amebaki manyoya na mifupa, amekaa vile vile juu ya mayai yake.

Nilimkalisha mama, nikaanza kumbandua siafu miguuni. Vichwa vilibaki kwenye ngozi. Nililia kwa hasira. "Ungekufa," nikamwambia. "Ungekufa kwa ajili ya jogoo."

"Si jogoo," akasema.

Ninajua sasa kwamba nilielewa siku ile, ila sikutaka kuelewa. Mdogo wangu alikuwa amekaa kule muda mrefu kupita alivyosema. Simu zake zilikuwa fupi. Pikipiki hakuitaja tena. Alituma mara sabuni, mara kitenge, na salamu kupitia watu wanaopita. Salamabila ilikuwa imejaa watu wa kila upande, wa Kivu, wa Fizi, wa Kasongo, Wakristo na Waislamu, wote ndani ya udongo, na habari zilizotoka huko zilikuwa nzuri na mbaya siku hiyo hiyo. Mama alikuwa na sala yake moja. Kila Jumapili, watu wakiombea wagonjwa na mvua, yeye alisema kwa sauti, mbele ya kanisa zima, "Bwana, ufunge lile shimo, mutoto wangu arudi." Watu wakaitikia amina.

Simu kwetu inashika rezo, yaani mtandao, mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya kanisa. Baada ya misa mama alizoea kupanda pale, amekunja kitenge, anashika simu juu kama anayetafuta mahali pa kuitundika. Jumapili moja ya masika ilimlilia mkononi. Nilikuwa karibu. Namba ilikuwa ya mdogo wangu, mama akaifungulia sauti kubwa ili nami nisikie. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanaume mkubwa, Kiswahili cha upande wa Kivu.

"Mama? Ni sisi, wenzake na mutoto wako, wa hapa Salamabila. Pole, mama."

"Poleni ninyi na kazi," mama akasema. "Yeye iko?"

"Mama, shimo imefunga. Unasikia? Shimo imefunga. Siku ya posho tunakuja kwako, tunaleta..."

Ikakatika. Tulipiga, tukapiga tena, ikawa haipatikani. Kisha mvua ikaja na rezo ikapotea kabisa, na tukasikia daraja la miti kwenye barabara ya Kabambare limeondoka na maji, hakuna pikipiki inayopita.

Sasa, wewe unayesoma, usiwe na haraka ya kutuona wajinga. Kwetu masomo yakimalizika tunasema shule imefunga, na watoto wanarudi nyumbani. Soko likimalizika tunasema soko imefunga, na mama zetu wanarudi nyumbani. Kila kitu kilichowahi kufunga katika maisha yetu kilirudisha watu. Na huyu alikuwa mama aliyeomba neno hilo hilo, Jumapili baada ya Jumapili. Mimi mwenyewe, na mdomo wangu wote huu, sikusikia kitu kingine.

Mama alishuka kwenye kichuguu akikimbia. Watu walikuwa bado uwanjani pa kanisa. "Imefunga!" akawapigia kelele. "Mungu amefunga lile shimo! Siku ya posho anakuja!" Wanawake wakamkumbatia. Katekista akapiga kengele tena, kwa furaha tu. Nilimwona mama yangu anacheza kwa miguu ile yenye makovu ya siafu, nami nikacheza.

Wiki ile hakulala vizuri, na mimi pia, maana jogoo alihamia kitandani kwake. Alimlisha mpunga, mpunga wa kula watu. Mchana alimfunga kamba jikoni, akakaa karibu naye akitwanga, na kila kivuli kikipita uani alinyanyua kichwa kutazama juu. Nilimwambia mwewe gani atabeba jogoo mkubwa vile, akasema siku za mwisho ndizo mbaya. Aliziba kila tundu. Alichoma majani kuzunguka nyumba. Alimuuliza kila aliyetoka barabarani kama daraja limetengenezwa, na Ijumaa mtu mmoja akasema ndiyo, wameweka magogo.

Siku ya posho, yaani Jumamosi, jirani mwenye maneno alikuja mapema na sufuria zake kubwa. Mama mdogo akaja na mawese. Wanawake wengine wakaja kwa sababu walisikia. Uani tulifagia, tukatandika mikeka chini ya turubai kwa ajili ya mvua, tukaazima viti vya kanisa. Ninaona sasa ua ule ulivyoonekana kwa mtu anayetoka mbali: turubai, mikeka, wanawake wengi na sufuria.

Walifika jua limesimama, pikipiki mbili, wanaume watatu, udongo mpaka kwenye nyusi. Kwenye pikipiki ya nyuma kulikuwa na begi la mdogo wangu, limefungwa kamba za mpira. Yule mkubwa alishuka, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili kifuani.

"Pole sana, mama."

"Poleni ninyi, jamani, na ile barabara!"

Mama alikuwa ameshaliona begi. Alilifungua kamba mwenyewe, akaliweka kichwani, akapiga vigelegele, akazunguka nalo uani. "Begi imefika! Mwenyewe iko mtoni!" Wanawake wote wakaitikia. Wale wanaume walitazamana. Yule mkubwa aliniambia baadaye, akilia, kwamba walidhani ni desturi ya watu wa huku. Walidhani mama wa marehemu kwetu hulipokea begi kwa vigelegele, na hatakiwi kulia mbele ya wageni. Kila kabila lina namna yake ya kuzika, alisema, hasa pasipo na mtu wa kuzika. Wakaogopa kutukosea adabu, wakakaa walipoonyeshwa.

Mama alimleta jogoo. Kwetu, mgeni akiwa hujui dini yake, unampa Mwislamu kisu ili wote wale bila wasiwasi. "Nani kwenu anasali msikitini?" mama akauliza. Yule mdogo zaidi akanyanyua mkono. Mama akafungua kile kitambaa mguuni, akakitia kifuani mwake, akampa jogoo. Kijana yule alimshika, akamlaza, akasema bismillahi, lakini kisu hakikushuka mpaka mama akamshikia mabawa. "Wewe umechoka," mama alimwambia. "Utakula, utalala." Damu ilimwagika mbele ya mlango, pale pale alipotaka. Sijawahi kumwona mtu ametulia vile. Alishusha pumzi, akatazama barabara ya mtoni, akaenda kuchemsha maji ya kunyonyolea.

Walipakuliwa wali na mchuzi. Paja moja na firigisi mama aliviweka kando kwenye sahani, akafunika kwa sahani nyingine. Wanaume wale walikula polepole, wanatazama chini. Mama alikuwa amekaa mbele yao kwenye kigoda, anawahimiza, anawaongezea.

"Mule, wanangu! Mbona munakula kama watu wa matanga?"

Yule mkubwa akanyanyua kichwa.

"Na huyu wa mtoni," mama akaendelea, akicheka, akigeukia wanawake, "anaoga nini mpaka sasa? Atatumalizia maji."

"Nani iko mtoni, mama?" mwanaume akauliza.

"Si mwenye begi."

Nilikuwa nimesimama na jagi la maji ya kunawa. Nilimwona yule mwanaume uso unavyombadilika, na hapo nikajua. Mwili wangu ulijua, jagi likaniponyoka likamwagika mkekani. Hakuna aliyelitazama. Yule kijana aliyechinja alikuwa ameanza kulia bila sauti, na wali mdomoni.

"Mama," mwanaume akasema, "kwani siku ile kwa simu haukunisikia?"

"Nilikusikia vizuri. Ulisema shimo imefunga."

"Ndiyo, mama. Imefunga." Alisubiri, akaona bado. "Imefunga, na yeye iko ndani."

Jirani yetu alipiga ukelele, akaanguka, na wanawake wote wakaanza. Mimi nilitaka kumshika mama, lakini alinisukuma mkono. Hakulia. Alikuwa anamtazama yule mwanaume kwa makini, kama mtu aliyeelezwa kazi ndogo na anashangaa kwa nini haijafanywa.

"Basi mufungue," akasema.

"Mama, tulijaribu. Udongo ni..."

"Muko wanaume. Muko na nguvu, mumekula, mumeshiba. Mwende mufungue."

Hakuna hata mmoja aliyeinuka.